Tangi la kioo, sanduku lenye unyevu au kizimba cha nje: mahali pa kulelea vitoto vya kobe-sanduku

Kobe-sanduku wa mashariki mwa Marekani, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Terrapene carolina, huishi msituni, lakini kiukoo yuko karibu zaidi na kobe wa madimbwini kuliko kobe wa nchi kavu tunaowafahamu Afrika Mashariki. Undugu huo unafaa kukumbukwa kabla ya kununua taa au kukata mbao, kwa sababu mtu anayelea kitoto cha kobe huyu kwa kufuata desturi za kulea kobe wa nyika, yaani mahali pakavu, joto kali na sahani ya majani, atakuwa amekiweka katika mazingira ambayo mwili wake hauwezi kuyastahimili. Kuna njia tatu zinazotumika sana kulelea vitoto hivi, nami nitazilinganisha kwa maswali mawili: ni wapi kitoto hupata unyevu na mawindo bila kunyimwa joto, na ni wapi mlezi huweza kutambua mapema kwamba kimoja kimeanza kudhoofika?

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoamua nani awe na vitoto hivi kwanza. Tangu mwaka 1975 serikali ya shirikisho ya Marekani imepiga marufuku kuuza kobe wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu ya bakteria wa Salmonella waliokuwa wakiambukiza watoto wadogo majumbani. Mwaka 1995 jenasi nzima ya Terrapene, yaani kobe-sanduku wa aina zote, iliingizwa katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyamapori, na majimbo mengi yana sheria zake kuhusu kuwachukua porini. Kwa hiyo mlezi ninayemwandikia ni yule ambaye kobe jike aliye naye kihalali ametaga uani, au anayefanya kazi katika kituo kinachohudumia wanyamapori. Aliyekutana na kitoto msituni akiache palepale. Mama wa kobe huondoka mara tu baada ya kufukia mayai yake, na kitoto kilicho peke yake hakijapotea wala hakijatelekezwa.

Kinapotoka kwenye yai, kitoto huwa na urefu wa sentimita tatu hivi na uzito wa gramu nane au tisa. Ukikigeuza taratibu utaona katikati ya gamba la tumboni uvimbe wa manjano, mabaki ya mfuko wa kiini cha yai, ambao huzidi kuingia ndani siku hadi siku. Na kwenye ncha ya pua utaona kijino cheupe kilichotumika kupasulia ganda. Ile bawaba ya gamba la chini ambayo humwezesha kobe mzima kujifungia ndani haifanyi kazi bado, na itachukua miaka kadhaa kabla ya kukomaa. Kitoto hakina ngome. Ulinzi wake wote ni kujificha. Ndiyo maana hata watu wanaotembea misituni North Carolina, jimbo lililomtangaza kobe huyu kuwa mtambaazi wake rasmi mwaka 1979, huwaona wazima mara nyingi na vitoto kwa nadra sana. Vinaishi chini ya majani yaliyolowana na magogo yanayooza, ambamo hewa hubaki na unyevu hata siku ambayo juu ya ardhi kumekauka.

Tangi la kioo

Njia hii ndiyo inayowajia wengi kwanza, kwa kuwa matangi ya samaki hupatikana kila mahali na mnyama huonekana vizuri akiwa ndani. Mlezi huweka karatasi au vipande vya mbao chini, taa ya joto juu, kibakuli cha maji pembeni na wavu mahali pa kifuniko. Kila kitu huonekana safi. Choo huonekana mara moja, chakula kilichobaki huondolewa bila shida, na kitoto hakina pa kupotelea.

Tatizo ni kwamba taa ya joto inayoning'inia juu ya kifuniko cha wavu huvuta unyevu na kuutoa nje mchana kutwa. Mwili wa gramu nane una uso mkubwa wa ngozi ukilinganishwa na maji uliyonayo, hivyo hukauka upesi kuliko mtu anavyotarajia. Siku chache za kwanza kitoto huzungukazunguka kikikwaruza kioo, jambo ambalo mlezi huliona kuwa ni uchangamfu, kumbe kinatafuta pa kujifukia. Baadaye hutulia. Kinafumba macho, kinalala kutwa nzima, kinakataa nyungunyungu, na mlezi husema bado kina akiba ya kiini cha yai tumboni. Huenda kweli kinayo. Lakini kitoto kilichokaukiwa hakina hamu ya kula hata akiba hiyo ikiisha, na kinapofikia hatua ya macho kuzama ndani, kupona kwake huwa kwa kubahatisha. Hatari nyingine ni dirisha: tangi la kioo lililowekwa penye jua la moja kwa moja huweza kupanda joto hadi la kuua kwa muda mfupi, ilhali kioo hichohicho huzuia miale ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo mlezi alidhani anampatia mnyama wake.

Kwa maoni yangu tangi hili lina kazi moja tu inayoifaa, nayo ni ya wodi. Kitoto kinachoharisha, chenye kidonda, au ambacho mfuko wa kiini haujaingia ndani, kinahitaji kuwekwa siku chache juu ya karatasi laini zilizoloweshwa, juu pamefunikwa kwa sehemu kubwa ili unyevu usitoroke, hadi kionekane kinakwenda vizuri. Kukilea humo kwa miezi mingi ni kushindana na ukavu kila siku.

Sanduku lenye unyevu

Hapa mlezi hutumia sanduku la plastiki lenye kuta zisizopitisha mwanga, la urefu wa sentimita 60 hivi au zaidi, na kulijaza udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kwa kina cha sentimita nane hadi kumi. Juu yake hutandaza kuvumwani na majani makavu ya mwaloni, kisha gome moja au mawili ya mti yaliyoinamishwa kuwa maficho. Upande mmoja huwa na joto la nyuzi 29 hivi chini ya taa, upande wa pili nyuzi 23 au 24, ili kitoto chenyewe kichague. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 20 hakuna dhara. Unyevu wa hewa chini ya majani unapaswa kuwa asilimia 80 au zaidi. Kipimaunyevu kiwekwe pale kitoto kinapolala, maana kile kinachobandikwa ukutani karibu na kifuniko hupima hewa ambayo mnyama haivuti.

Kuta zisizopitisha mwanga si suala la bei. Kitoto kisichoona nje hakitafuti njia ya kutokea, na nguvu zake huziweka katika kula na kukua.

Unyevu wenyewe unahitaji maarifa kidogo. Maji yamwagwe pembeni ili yanywewe na udongo wa chini, na tabaka la juu libaki nyevunyevu bila kutota. Ukishika konzi ya udongo na kuikamua, ishikamane bila kutoa matone. Ikitiririsha maji, umezidisha. Udongo uliotota katika sanduku lisilo na hewa, hasa likiwa pia na baridi, huleta ugonjwa wa gamba, ambao huanza na madoa laini kwenye gamba la tumboni, na maambukizi ya njia ya hewa, ambayo hujulikana kwa mapovu puani na kitoto kupumua mdomo wazi. Mlezi aliyesikia kwamba ukavu unaua huelekea kosa hili la pili, na akiona mapovu hupunguza maji wakati alichopaswa kufanya ni kupandisha joto, kuruhusu hewa ipite na kumwona daktari wa wanyama anayejua watambaazi. Wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojikunja chini ya magogo wakiachiwa wazaliane humo, hula kinyesi na mabaki, na wao wenyewe huliwa. Sanduku lenye wadudu hao hukaa miezi mingi bila kubadilishwa udongo.

Kasoro kubwa ya sanduku ni kwamba kitoto hakionekani. Hujifukia na kukaa siku mbili bila kujitokeza, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mlezi asiyekuwa na ratiba ya kukitoa na kukipima atagundua matatizo yakiwa yamekomaa.

Kizimba cha nje

Jua halisi, mvua, mchwa na konokono wadogo, joto la mchana na ubaridi wa alfajiri: hakuna vifaa vinavyoiga haya yote kwa ukamilifu. Vitoto vinavyolelewa nje hukua polepole kuliko vya ndani, gamba likiwa gumu na lisilo na matuta usoni, na hujifunza kuwinda bila kufundishwa. Mahali panapofaa ni penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, penye majani mazito na sehemu moja inayomwagiliwa kila siku.

Gharama yake ni adui. Kitoto cha sentimita tatu ni tonge kwa kunguru, panya, nyoka na rakuni, mnyama wa usiku mwenye vidole vinavyofungua vifuniko visivyo na komeo. Kizimba kinahitaji wavu wa chuma wenye matundu ya milimita sita juu na pande zote, uliofukiwa ardhini angalau sentimita 20, na mfuniko wa kufunga kwa komeo. Katika majimbo ya kusini kuna sisimizi wa moto, ambao wavu haumzuii hata mmoja wao, na ambao huweza kuua vitoto vikiwa bado ndani ya shimo la mayai. Penye sisimizi hao nisingeweka kitoto nje kabla hakijatimiza mwaka, hata kizimba kiwe imara namna gani. Kiangazi chenye ukame nacho hugeuza kizimba kuwa tangi la kioo lisilo na kioo, maana udongo uliokauka ni uleule.

Ufuatiliaji ndipo kizimba kinaposhindwa kabisa. Majani yanayokiokoa kitoto kutoka kwa kunguru ndiyo yanayokificha machoni pa mlezi, na mara nyingi kinachodhoofika hakionekani tena, wala huwezi kujua kiliumwa nini.

Kwa nini kimoja hukua na pacha wake hudumaa

Mayai manne au matano ya kobe mmoja yanaweza kutoa vitoto vitatu vinavyokula kwa pupa na kimoja kisichotaka kitu, vyote vikiwa katika sanduku moja. Watu hukimbilia kulaumu chakula, lakini baadhi ya sababu zilikwisha kuwepo kabla ganda halijapasuka. Mayai yaliyototoleshwa kwa joto la juu mno hutoa vitoto vyenye magamba yaliyopinda au yenye vipande vilivyozidi idadi ya kawaida, na baadhi huwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Joto hilohilo ndilo linaloamua jinsia, kwani chini ya nyuzi 27 hivi hupatikana madume na juu ya nyuzi 28 majike, kwa hiyo wapo wanaopandisha joto la mashine ya kutotoleshea makusudi ili wapate majike na kulipa kwa afya ya vitoto. Yai lililogeuzwa baada ya siku ya kwanza au mbili linaweza kufa. Na kitoto kinachosaidiwa kutoka kwenye ganda na mlezi asiye na subira huweza kupasuka mfuko wa kiini. Kitoto kilichopasua ganda kinaweza kukaa humo siku mbili au tatu kikimalizia kiini, na hapo kazi ya mlezi ni kukiacha.

Sababu za baada ya hapo zinategemea mahali. Katika tangi, ukavu huja wa kwanza na njaa hufuata. Katika sanduku, vitoto viwili vilivyo pamoja huweza kuonekana vimeelewana, kumbe kimoja kimekalia kona ya chakula na kingine kimeacha kujitokeza. Hakuna haja ya kuumana ili kimoja kishindwe. Kukitenga kile kidogo katika kisanduku chake ni dawa ya bei nafuu kuliko zote, na nimeona kitoto kilichosusa kwa wiki nzima kikirukia nyungunyungu jioni ileile kilipotengwa.

Kurukia ndiko hasa kunakopasa kutarajiwa. Vitoto vya kobe-sanduku ni wawindaji, na macho yao hushtuliwa na kitu kinachojongea. Tonge la tunda au chakula cha dukani likikaa kimya mbele ya kitoto cha wiki tatu huenda lisitambuliwe kabisa kuwa ni chakula. Kipande cha nyungunyungu kinachojipindapinda, konokono mdogo asiye na gamba, au nyenje mchanga aliyetoka tu kuanguliwa, hukifanya kinyooshe shingo, kikae hivyo kwa muda kikiangalia kwa jicho moja, kisha kiume na kuvuta nyuma kwa miguu yote minne. Uyoga, matunda na majani hufuata baadaye, taratibu, kadiri umri unavyoongezeka. Hapa kizimba cha nje kinazishinda njia zote, kwa sababu mawindo huzaliana humo yenyewe, wakati mlezi wa ndani aliyeegemea funza wa unga peke yao humlisha mnyama wake fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Nyunyiza unga wa kalsiamu kabonati juu ya mawindo mara kadhaa kwa wiki, na uwashe taa ya urujuanimno ambayo hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, maana miale hupungua kabla ya mwanga. Bila hayo gamba linabaki laini. Gamba la kitoto kipya hunyumbuka kidogo kwa kawaida. Linalozidi kulainika miezi inavyokwenda ni ugonjwa.

Upungufu wa vitamini A huonekana kwa kope zilizovimba na, baadaye, jipu gumu nyuma ya taya, mahali pa sikio. Jipu hilo halipasuki lenyewe bali hutolewa na daktari. Wapo wanaokimbilia sindano za vitamini. Kipimo kikizidi, ngozi ya mnyama huanza kubambuka. Nyungunyungu wengi, ini kidogo la kuku mara mojamoja na boga lililokatwa vipande vidogo kwa wale wanaokubali kulila, ni njia salama zaidi ya kuzuia tatizo kabla halijaanza.

Mizani ndiyo chombo kinachotenganisha kitoto kinachojificha na kitoto kinachokufa. Mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Pima siku ileile kila wiki, kabla ya kukiogesha, kwa sababu kitoto cha gramu tisa kikinywa maji vizuri kitaonekana kimenenepa ndani ya robo saa, na kikienda choo kitaonekana kimepungua. Kuogesha kwenyewe ni kukiweka katika maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu kwa dakika 15 hadi 20, kila siku kwa wiki za mwanzo. Uji mweupe unaotoka pamoja na choo ni wa kawaida. Ukiwa kama mchanga au chembe za chokaa, mwili umekaukiwa. Uzito usiopanda wiki mbili za mwanzo hausumbui, lakini unaoshuka wiki tatu mfululizo unahitaji daktari, na achukue choo akipime vimelea. Baada ya yote hayo nawe osha mikono kwa sabuni.

Majira ya baridi ya kwanza

Porini, vitoto vinavyoanguliwa mwishoni mwa kiangazi hujifukia na kulala hadi majira ya kuchipua, na vingine havitoki kabisa kwenye shimo la mayai hadi wakati huo. Mlezi wa nje anaweza kufuata njia hiyo kwa kitoto kizito, kilichokula vizuri na chenye muda wa kutosha kumaliza chakula tumboni kabla ya baridi, katika udongo uliolegea usiotuama maji wala kuganda. Kitoto chepesi kisilazwe. Hakina akiba ya kukivusha. Kwa mwaka wa kwanza walezi wengi huviweka vitoto macho ndani ya sanduku lenye joto, nami nakubaliana nao, kwa sababu ulazaji wa kitoto chenye tatizo lisilojulikana huficha tatizo hilo kwa miezi mitano. Kinachobaki macho lakini katika baridi ya nusunusu, nyuzi 15 au 16, kiko pabaya kuliko vyote viwili, kwa kuwa kinatumia akiba yake bila kuweza kusaga chakula.

Uchaguzi

Mwenye vitoto vilivyoanguliwa Septemba au Oktoba, asiyepungukiwa na muda wa kuvitoa kila siku, achague sanduku lenye unyevu, kila kitoto na lake, na tangi la kioo alihifadhi kwa ajili ya kitakachougua. Mwenye ua penye kivuli, mahali pasipo na sisimizi wa moto, na vitoto vilivyofikisha gramu 20 au zaidi, avihamishie kizimbani usiku unapoacha kushuka chini ya nyuzi 15, mwanzoni kwa saa chache za asubuhi, akiendelea kuvipima kila wiki. Asiyeweza kupima kila wiki wala kumwagilia kila siku asianze. Mayai yaliyotagwa uani na kobe wake ayafikishe kwa kituo au mfugaji mwenye kibali, bila kuyageuza, yakiwa yametiwa alama kwa penseli upande wa juu.